Umeambiwa Ukafanyiwe Tathmini ya Kisaikolojia: Kinachokusubiri Chumbani

Swali hili hunijia kwa sura tatu. Wa kwanza ni manusura mwenyewe: "Nimepigwa, nimeshonwa, sasa naambiwa nikaonane na mwanasaikolojia. Wananiona nimechanganyikiwa?" Wa pili ni mama: "Mwanangu kafanyiwa ukatili, wanasema apimwe akili. Akishapimwa si ndiyo ataandikwa kichaa?" Wa tatu huwa kaka au mjomba, naye hazunguki: "Hicho kipimo kitatuambia kama anasema kweli?"

Jibu kwa wote watatu ni hapana. Tathmini ya kisaikolojia haipimi uongo, haitoi cheti cha wazimu, wala haitafuti mwenye kosa. Kazi yake ni kujua tuanzie wapi. Wanawake wawili wanaweza kupigwa usiku mmoja, mtaa mmoja. Wa kwanza akahitaji mahali pa kulala leo, wa pili akahitaji matibabu ya sonona aliyokuwa nayo hata kabla ya kipigo. Pasipo na mtu wa kuwauliza, wote wawili wataambiwa "jikaze dada, mshukuru Mungu u hai," na kurudishwa walikotoka.

Makala haya ni ya anayekwenda kuulizwa na ya anayemsindikiza. Wataalamu watanisamehe nikipita haraka penye nadharia.

## Yasiyomngoja mwanasaikolojia

Kuna mambo ambayo ukiyaona, acha kusoma, nenda hospitali kwanza. Tathmini itakukuta hukohuko.

- Kubakwa au kulawitiwa. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza faida yake. Za kuzuia mimba zinaweza kutolewa hadi saa 120, yaani siku 5. Umeshachelewa? Nenda hivyohivyo, yapo mengine ya kutibu.
- Kukabwa shingo. Hata kama hakuna alama. Sauti kukwaruza, kumeza kwa shida, kupoteza fahamu kidogo au kujikojolea wakati wa kukabwa ni dalili za hatari. Uvimbe wa ndani unaweza kuziba njia ya hewa saa nyingi baadaye, wakati wewe umeshajisemea yamekwisha.
- Kutaka kujiua, hasa kama umeshafikiria namna, siku au mahali.
- Mtoto atakayelala leo nyumba moja na anayemdhuru. Tanzania na Kenya namba ya simu ya kusaidia watoto ni ileile: 116. Kwa ukatili wa kijinsia, Kenya wana 1195 pia.

Ukiwa umebakwa au kulawitiwa, usioge wala usifue nguo kabla ya kuchunguzwa, ingawa najua mwili wote unadai maji. Nguo ziweke kwenye mfuko wa karatasi. Mfuko wa nailoni hutunza unyevu na kuharibu ushahidi.

Tanzania, ukipata Kituo cha Mkono kwa Mkono, kama vile Amana jijini Dar es Salaam au Mnazi Mmoja Unguja, umepunguza nusu ya safari: daktari, polisi, afisa ustawi wa jamii na mshauri huwa chini ya paa moja. Pasipo na kituo, Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi ndilo la kuanzia ili upate fomu ya polisi, PF3. Lakini anayevuja damu hapangi foleni ya fomu. Hospitali kwanza, fomu itafuata. Wasomaji wa Mombasa, Hospitali ya Coast General ina kituo chake cha manusura.

## Kabla ya kutoka nyumbani

Watu hujiandaa vibaya kwa sababu wanajiandaa kama wanaokwenda mahakamani. Wanakaa usiku kucha wakipanga kisa, tarehe kwa tarehe, mpaka kinatoka kama shairi la kukariri. Usikariri kisa. Huenda siku ya kwanza usiulizwe hata nusu yake.

Beba hivi:

1. Karatasi za hospitali ulizo nazo, hata zilizochanika.
2. Dawa unazomeza, au picha ya makasha yake. Pamoja na zile za duka la dawa ulizojinunulia, na za kienyeji.
3. Maelezo mafupi ya usingizi wako wa wiki moja: umelala saa ngapi, umeamka saa ngapi, kilichokuamsha.

Namba 3 ndiyo yenye thamani kuliko zote, na ndiyo ambayo hakuna anayekuja nayo. Ila kama mtu anayekudhuru hupekua mkoba au simu yako, usiandike kitu. Kariri usingizi, acha karatasi.

Msindikizaji awe mtu unayetulia ukiwa naye. Mama mkwe anayetaka "kusikia yote" si msindikizaji. Na yeyote utakayekuja naye atakaa nje sehemu kubwa ya mazungumzo. Asichukie, majibu hubadilika mlango ukifungwa.

Na mume, au mwenza, akisema "twende wote, na mimi nataka kusaidiwa"? Inaweza kuwa kweli. Lakini aonwe siku nyingine, ikiwezekana na mshauri mwingine. Usikubali kufanyiwa tathmini ukiwa umekaa kiti kimoja na anayekupiga. Ukisema ukweli utaulipia nyumbani, na ukiuficha mshauri atapanga tiba ya mtu asiyekuwepo. Kama huwezi kutoka bila yeye kujua, pitia kliniki ya mtoto au ya uzazi wa mpango, umwambie nesi. Wengi wanafika kwetu washauri kwa njia hiyo.

## Dakika tano za mwanzo ni zako

Kabla hujaulizwa lolote kuhusu tukio, mshauri anatakiwa akueleze yeye ni nani, mtazungumza kwa muda gani, anachoandika kitakwenda wapi, na siri ina mpaka gani. Asipoeleza, uliza:

- "Faili hili nani mwingine atalisoma?"
- "Naweza kukataa swali?" (Jibu sahihi ni ndiyo, bila kununa.)
- "Ni lipi nikisema, utalazimika kumwambia mtu?"

Mipaka ya siri ipo. Ukisema unakwenda kujiua au kuua, mshauri hataliacha libaki humo ndani. Mtoto akiwa hatarini, vilevile. Tanzania Bara, Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mwanajamii anayejua mtoto anadhulumiwa atoe taarifa. Mahakama nayo inaweza kuagiza kumbukumbu ziletwe. Mshauri anayekuapia kwamba "haya hayatoki hapa kamwe" amekudanganya, ingawa kwa nia njema, na siku yakitoka hutamwamini tena yeye wala mwingine.

## Usalama huulizwa kabla ya huzuni

Hapa ndipo watu wengi hushangaa. Umekuja unalia, umejiandaa kueleza maumivu ya moyo, na mtu anakuuliza kama nyumbani kuna panga.

Si ukosefu wa huruma. Hakuna tiba ya moyo inayofanya kazi kwa mtu atakayepigwa tena jioni. Muuguzi wa Marekani, Jacquelyn Campbell, alitunga mwaka 1985 orodha ya maswali ya kupima hatari ya mwanamke kuuawa na mwenza wake, na mpaka leo maswali ya namna hiyo hutumika sehemu nyingi. Tarajia kuulizwa:

- Je, kipigo kimeongezeka au kimekuwa kikali zaidi mwaka huu?
- Amewahi kukukaba shingo?
- Amewahi kutumia silaha, au kutishia kuitumia?
- Amesema atakuua? Unaamini anaweza?
- Anakulazimisha tendo la ndoa?
- Amekupiga ukiwa mjamzito?
- Anakufuatilia, anapekua simu, anakuzuia kutoka?
- Mmeachana karibuni, au umemwambia unaondoka?
- Analewa sana, au anatumia dawa za kulevya?
- Ametishia kujiua yeye mwenyewe?

Hili la mwisho wanawake hulijibu kwa huruma: "Ndiyo, maskini, hulia akisema atajinyonga." Kwetu sisi ni alama ya hatari. Kuhusu shingo, utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 ulionyesha kwamba mwanamke aliyewahi kukabwa na mwenza wake ana uwezekano wa zaidi ya mara 7 wa kuja kuuawa naye, akilinganishwa na aliyedhulumiwa bila kukabwa. Hivyo usiseme "alinishika tu hapa" ukagusa koo na kupita. Sema alikukaba.

Unaweza pia kupewa kalenda ya mwaka mzima uweke alama siku ulizopigwa. Nimeona mama aliyeanza kwa kusema "mara mbili tatu tu" akiikabili kalenda: siku ya mshahara, Idi, msiba wa baba mkwe, siku mtoto alipofeli. Aliweka kalamu chini akanyamaza. Hatukuzungumza huzuni siku ile; tulizungumza nauli, ufunguo wa akiba na jirani wa kumwamini.

## Karatasi za maswali

Baada ya usalama huja karatasi, na karatasi huleta hofu ya shule. Hakuna kufaulu wala kufeli. Utakazokutana nazo mara nyingi ni hizi:

SRQ-20, ya Shirika la Afya Duniani. Maswali 20 ya ndiyo au hapana kuhusu siku 30 zilizopita: kichwa kuuma, kulala vibaya, mikono kutetemeka, kulia kuliko kawaida. Ni ya kuchuja tu.

PHQ-9, kwa sonona. Maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila moja alama 0 hadi 3, jumla ya juu 27. Ukifika 10 mshauri huchunguza zaidi.

GAD-7, kwa wasiwasi uliozidi. Inafanana na iliyotangulia, maswali 7.

PCL-5, kwa msongo unaotokana na kiwewe. Maswali 20 kuhusu mwezi mmoja uliopita, alama 0 hadi 4, jumla 80. Ikifika 31 hadi 33 hivi au zaidi, hapo pana jambo. Lakini kwa utaratibu wa kitabibu hakuna anayeambiwa ana ugonjwa huo kabla mwezi haujapita tangu tukio. Wiki ya kwanza kuota, kushtuka na kukosa hamu ya kula ni mwili ukifanya kazi yake.

Karatasi hizi zimeshatumika kwa Kiswahili. Usijibu ya Kiingereza kwa kuona aibu. Kama husomi, usomewe. Si jambo la kuficha.

Sasa, kosa la wanaojibu na kosa la wanaosoma majibu. Wanaojibu huchanganya muda. Swali linahusu wiki 2 zilizopita, mtu anajibu maisha yake yote; au analinganisha na shangazi yake aliyeteseka zaidi, anaandika sifuri kila mahali. Jibu kuhusu wewe, kwa siku hizo tu.

Kosa la wasomaji ni kubwa zaidi: kuangalia jumla. Chukua watu wawili wenye alama 14 kwenye PHQ-9. Wa kwanza kazipata hivi: usingizi 3, uchovu 3, chakula 3, kushindwa kutulia kimawazo 3, kukosa raha 2. Wa pili: huzuni 3, kujiona hafai 3, kukosa raha 3, mwili kuwa mzito 2, na lile swali la 9, la kuona ni heri kufa, 3. Namba ni moja, watu ni wawili. Wa pili haondoki kabla hajaulizwa kwa kina leo hii. Wa kwanza, ulipomuuliza kwa nini halali, akajibu kwamba mume aliyetengana naye huja usiku kugonga dirisha. Huyo mtu ukimpa kidonge cha usingizi umemsaidia mgongaji. Dawa yake ya kwanza ni komeo, jirani na Dawati.

Swali la 9 lijibu kweli. Kusema "ndiyo, mara nyingine" hakukupeleki hospitali ya akili ya Mirembe kwa nguvu. Kunakupatia maswali matano zaidi na mpango wa usiku wa leo.

## Sema kwa maneno ya nyumbani kwenu

Watu wachache sana huingia wakasema "nina sonona." Husema wana mawazo. Au kichwa kinawaka moto, moyo unakwenda mbio, vidonda vya tumbo vimerudi ingawa walishamaliza dozi mbili. Husema wanakabwa na jinamizi, au kwamba wana pepo, na hapo husita na kukutazama usoni kuona kama utacheka.

Sema hivyohivyo. Usitafsiri. Mshauri mzuri atakuuliza jinamizi linakuja saa ngapi na lina sura ya nani, na jibu hilo mara nyingine lina maana kuliko karatasi nzima. Nitakupa mfano wa mazungumzo ya aina hii:

"Mama, usiku unalala?"

"Nalala, namshukuru Mungu."

"Unaamka saa ngapi?"

"Saa nane."

"Halafu?"

"Halafu nasubiri adhana."

Huyo kwenye karatasi angejibu kwamba analala.

Kama umeshapita kwa mganga, au umesomewa dua, au umeombewa kanisani, sema pia. Hakuna atakayekugombeza, tunataka kujua kilichokusaidia na ulichokunywa.

## "Mbona kisa changu hakinyooki?"

Hili huwatesa manusura kuliko swali lolote. Unakumbuka rangi ya pazia, hukumbuki kama ilikuwa Jumanne. Jana ulisema alikuwa na mkanda, leo unasema waya. Kaka anaguna.

Mtu akiwa kwenye hofu ya kufa, kumbukumbu huingia vipandevipande. Baadhi hubaki wazi mno, nyingine hazipo kabisa, na mpangilio huvurugika. Mshauri anajua. Kwa hiyo:

- Usijaze mapengo kwa kukisia. "Sikumbuki" ni jibu kamili.
- Usisimulie kwa undani kama mwili unaanza kuganda au kutetemeka. Omba mapumziko, gusa kiti, taja vitu vitano unavyoviona, rudi ukiwa tayari.
- Usimruhusu mtu akulazimishe "utoe yote moyoni" siku ya kwanza ili upone. Shirika la Afya Duniani halishauri kumshinikiza mtu asimulie tukio lote mara tu baada ya kutokea.

Maelezo ya polisi ni kazi nyingine, kwa mtu mwingine, kwa kanuni nyingine. Ukiwa na kesi, muulize mshauri mapema: "Hii ni tathmini ya kunitibu au ya kupeleka mahakamani?" Zina karatasi tofauti, na si vizuri kuzichanganya.

Kwa wasomaji wa Kenya: fomu ya huduma baada ya ubakaji ina sehemu A ya uchunguzi wa mwili na sehemu B ya tathmini ya kisaikolojia. Kwenye sehemu B mhudumu huandika mwonekano wako, hali ya moyo, namna unavyoongea, mtiririko wa mawazo, kama unajua leo ni siku gani. Msomaji mmoja aliona neno "mwonekano" akadhani anapimwa heshima ya mavazi. Sivyo. Wanataka kujua kama umeweza kujitunza, kwa sababu mtu aliyeacha kuoga wiki nzima, naye zamani alikuwa nadhifu, anatuambia jambo bila kufungua mdomo.

## Akiwa ni mtoto

Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa Tanzania mwaka 2009 ulikuta kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walikumbana na ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Nautaja kwa ajili ya wazazi wa wavulana, ambao huja wamechelewa, na mara nyingi huja kwa jambo jingine: mtoto anakojoa kitandani, kapigana shuleni, hataki kwenda madrasa.

Makosa matatu ya wazazi, yote yanatokana na mapenzi:

1. Kumhoji mara kwa mara. Mama anauliza, bibi anauliza, mwalimu anauliza, mjumbe anauliza. Mtoto hujifunza jibu linalowatuliza wakubwa. Akikuambia mara ya kwanza, msikilize, mwambie umemwamini na si kosa lake, andika maneno yake kama alivyoyasema, ishia hapo.
2. Kumfundisha la kusema. "Mwambie daktari ni anko." Hata kama ni anko kweli, umeshaharibu.
3. Kumuahidi. "Ukisema, nitakununulia baiskeli." Siku ya kesi wakili wa upande wa pili ataiuliza hiyo baiskeli.

Mshauri wa watoto atamwacha acheze na kuchora kabla ya kuuliza. Usichungulie karatasi ukitafuta ushahidi. Mchoro wa mtu mwenye mikono mikubwa hauthibitishi lolote peke yake; ni njia ya kufungulia mazungumzo. Nawe utaulizwa maswali yako kando: usingizi wa mtoto, shule, michezo, nani analala chumba gani. Utaulizwa pia wewe mwenyewe unaendeleaje. Lijibu hilo nalo, maana mtoto hawezi kutulia kwenye mikono inayotetemeka.

## Majibu yanageukaje kuwa tiba

Tathmini iliyokwisha bila kukuambia la kufanya kesho ni mahojiano tu. Kabla hujainuka, unapaswa kusikia: tumekuta nini, tunaanza na nini, kwa nini hicho, na lini tutaonana. Kwa kawaida mambo huangukia humu:

Hatari bado ipo. Mpango wa usalama kwanza: wapi pa kukimbilia, nani wa kumpigia, nyaraka ziko wapi. Mazungumzo ya kina kuhusu kiwewe yanasubiri.

Huzuni na mawazo ya kawaida, mtu anajimudu. Ushauri mfupi hutosha. Jijini Nairobi, utafiti uliochapishwa 2017 uliwafuatilia wanawake waliowahi kufanyiwa ukatili wa kijinsia, wakapewa vikao 5 vya kujifunza kutuliza mwili, kushughulikia matatizo hatua kwa hatua na kurudia shughuli na watu wao. Waliovitoa walikuwa wahudumu wa afya ya jamii, na msongo wa wanawake hao ulipungua. Ukipangiwa mhudumu asiye na koti jeupe, usione umedharauliwa.

Kiwewe kilichokita mizizi. Hapa panahitajika tiba yenye mpangilio. Mashariki mwa Kongo, manusura wa ukatili wa kingono, wengi wao hawakusoma, walipewa kwa vikundi tiba ya kuchambua mawazo yanayomfunga mtu, kama vile "ni kosa langu." Matokeo yalichapishwa 2013: miezi 6 baada ya tiba, asilimia 9 ya waliokuwa kwenye vikundi walionekana kuwa bado na sonona au wasiwasi mkubwa, dhidi ya asilimia 42 ya waliopewa usaidizi wa kawaida wa mtu mmojammoja. Kinachonivutia zaidi ni walichoulizwa kabla ya kuanza: pamoja na dalili, waliulizwa kazi za kila siku zinavyowawia vigumu, shamba, mapishi, kulea watoto. Mwombe mshauri wako akuulize na hilo. Kupona kwako utakuona kwanza kwenye kazi zako.

Sonona kali, kusikia sauti, kushindwa kula, hatari ya kujiua. Daktari wa afya ya akili, na mara nyingi dawa.

Onyo kuhusu dawa: diazepam na ndugu zake hutolewa kirahisi mno, na maduka mengine huuza bila cheti. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2013 unashauri zisitolewe kwa dalili za mshtuko katika mwezi wa kwanza baada ya tukio. Zinalaza kichwa kwa siku chache, kisha mwili unazidai.

## "Lakini mshauri…"

*"Familia imeshakaa, wamemtoza ng'ombe, yameisha."* Ng'ombe wamekwenda kwa baba yako. Usingizi wako haujarudi. Tathmini ni haki yako hata kama wazee wameshapeana mikono, na kama kosa ni la jinai, kikao cha ukoo hakilifuti.

*"Ni miaka kumi sasa."* Njoo. Karatasi zinauliza dalili za mwezi huu, haziulizi tukio lina umri gani.

*"Mimi ni mwanaume."* Maswali ni yaleyale. Ukimkuta mhudumu anayetabasamu, omba mwingine.

*"Mahali petu mshauri ni rafiki wa wifi yangu."* Hili ni pingamizi la kweli kuliko yote, hasa wilayani. Omba rufaa ya hospitali ya mkoa, au anza kwa simu. Usimweleze rafiki wa wifi.

## Ondoka ukiona haya

- Anauliza ulivaa nini au ulifanya nini kumkasirisha.
- Mlango uko wazi, watu wanapita kuchukua mafaili.
- Anajaza karatasi bila kukutazama na anakutajia jumla ya alama kama hukumu.
- Anamwita mume "ili tuweke mambo sawa" bila ridhaa yako.
- Anakulazimisha usamehe. Msamaha haumo kwenye orodha yoyote ya maswali ninayoijua.

Kuondoka si utovu wa adabu. Sema "nitarudi siku nyingine," chukua karatasi zako.

## Mara ya pili, kwa karatasi ileile

Tathmini hurudiwa. Baada ya wiki 4 hadi 6 hivi, au tiba ikifika katikati, utapewa maswali yaleyale na wengine hulalamika kwamba mshauri amesahau. Hajasahau, anataka kulinganisha. Omba kuona karatasi zote mbili zikiwa kando kwa kando. Alama zisiposhuka, tiba ndiyo ya kubadilishwa, usijilaumu wewe.

Mara nyingine hupanda. Kabla hamjaogopa, tazameni kalenda: siku ya kutoa ushahidi, mwezi tukio lilipotokea, siku aliyefungwa anapotoka. Mtajie mshauri tarehe hizo mapema, siku ileile ya kwanza, ili awe amekuwekea nafasi wiki hiyo kabla hujaiomba.